Nani Alikuwa Anaimbiwa?

Mtu anayeanza kusikiliza bluzi leo, karibu kila mjuzi atamwelekeza kwanza kwenye albamu moja: King of the Delta Blues Singers ya Robert Johnson. Mimi ningempa hiyo mwishoni. Si mbaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba ukianza nayo masikio yanazoea vibaya. Unaondoka ukiamini bluzi ni muziki wa mtu mmoja na gitaa lake, kajifungia peke yake, anaililia nafsi yake huku sisi tukimchungulia dirishani. Santuri nyingi bora za bluzi hazikutengenezwa hivyo, na Johnson mwenyewe hakuwa mtu wa namna hiyo.

Albamu ilitoka 1961, miaka 23 baada ya yeye kufa. Alirekodi kwa vipindi viwili tu maishani, San Antonio mnamo Novemba 1936 na Dallas mnamo Juni 1937, jumla nyimbo 29. Agosti 1938 akafariki karibu na Greenwood, Mississippi, akiwa na miaka 27. Alipokuwa hai santuri yake iliyotembea kidogo ni Terraplane Blues, wimbo unaojidai kuzungumzia gari huku kila mwenye akili zake akijua unazungumzia mambo ya chumbani. Columbia walipozikusanya nyimbo zake hawakuwa na picha yake, kwa hiyo jalada likachorwa: mtu anaonekana kutoka juu, kainamia gitaa, uso hauonekani. Walioinunua wengi walikuwa vijana wa Kizungu, Marekani na Uingereza, ambao Johnson alipokuwa akiimba walikuwa watoto au hawajazaliwa. Uso uliokosekana wakaujaza wenyewe. Hadithi ya njia panda, kwamba aliuza roho yake kwa shetani apewe ufundi wa gitaa, ikapata nguvu humo, ingawa hadithi hiyo ilikuwa ikisimuliwa kuhusu Tommy Johnson, ambaye ni mtu mwingine kabisa.

Ukimweka shetani pembeni ukasikiliza, unamkuta kijana aliyekuwa akinunua santuri na kuzisikiliza kwa makini. 32-20 Blues ameitoa kwenye wimbo wa Skip James wa 1931, akabadilisha aina ya bunduki. Sweet Home Chicago imejengwa juu ya wimbo wa Kokomo Arnold. Anapotaka kuwa mpole anamwiga Lonnie Johnson, na mkono wake wa kulia mara nyingi unajitahidi kufanya kazi ya kinanda kwenye nyuzi sita. Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Alikuwa akipigia watu wanaocheza, Jumamosi usiku, watu waliokwisha kuzisikia nyimbo hizo kwenye gramafoni na wanataka kuzisikia tena.

Sikiliza Come On in My Kitchen, maana imebaki katika nakala mbili. Katika ile ya polepole sauti iko karibu sana na sikio. Katikati anaacha kuimba, anazungumza kwa upole na mwanamke, anamuuliza kama anausikia upepo, na uzi mmoja wa gitaa unavuma nje pale, unapanda na kushuka. Kisha anarudi kwenye wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni miongoni mwa dakika bora kabisa zilizowahi kunaswa kwenye santuri. Sasa, hiyo haikutoka alipokuwa hai. Kampuni iliyomrekodi iliuza nakala ya pili, yenye mwendo wa haraka, kwa sababu mnunuzi wa 1937 alitaka kitu cha kuchezea. Ile ya polepole ilimngoja msikilizaji wa 1961, aliyekaa kwenye kiti chumbani kwake. Nakala zote mbili ni za Johnson. Tofauti iko kwa yule aliyekuwa akiimbiwa, na swali hilo nalitumia kupima kila albamu ya bluzi inayonifikia: humu ndani, nani anaimbiwa?

Ungemuuliza mtu mweusi wa Marekani mwaka 1930 nani fundi wa bluzi, wala asingewazia gitaa la kijijini. Angetaja majina ya wanawake. Santuri iliyofungua biashara yote ni Crazy Blues ya Mamie Smith, iliyorekodiwa New York Agosti 1920 na kampuni ya OKeh. Kabla ya hapo wenye kampuni hawakuamini kwamba watu weusi watanunua santuri. Walinunua mpaka kampuni zikaanza kugombania waimbaji: Paramount wakampata Ma Rainey, Columbia wakampata Bessie Smith, wote 1923. Kwa upande wa wanaume angetaja Leroy Carr, mpiga kinanda wa Indianapolis, aliyerekodi How Long, How Long Blues mwaka 1928 na mwenzake wa gitaa, Scrapper Blackwell. Carr anaimba taratibu, kila neno linasikika, kama mtu anayezungumza na jirani kizingitini. Hana kishindo chochote na ndiyo maana vitabu vinampita. Mimi namweka juu ya wengi wanaotajwa kabla yake.

Bessie Smith sina haja ya kumtetea, ila ningependa watu waache kumsikiliza kwa heshima ya makumbusho. St. Louis Blues aliyoiimba Januari 1925 ilirekodiwa bila maikrofoni, akiimbia kwenye pembe ya chuma. Ndani mna watu watatu tu: yeye, kijana Louis Armstrong kwenye koneti, na Fred Longshaw kwenye kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu. Kinanda hicho ndicho kinachonishika. Kinashikilia sauti ndefu nzito kama ibada ya mazishi, Bessie anaweka mstari wake, anavuta pumzi, na Armstrong anaijaza nafasi ile kwa kifungu kifupi kinachomjibu. Anasema, anajibiwa, anasema tena. Hakuna anayemrukia mwenzake. Piano ya kawaida ingeuchangamsha wimbo na kuuharibu.

Paramount nao wana kisa chao. Kampuni mama ilikuwa Wisconsin Chair Company ya Port Washington, watengenezaji wa viti na samani. Walianza kutengeneza makabati ya gramafoni, na mwenye kabati anahitaji santuri za kupiga, basi wakaanza kutoa santuri. Malighafi yao ilikuwa duni, ndiyo maana Charley Patton na Son House, waliorekodi pamoja kule Grafton mwaka 1930, tunawasikia leo kupitia mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga. Baadhi ya santuri hizo zimebaki nakala chache mno duniani, na wanaozikusanya wanazilipia fedha za kununulia gari. Siwacheki. Ila nasikitika pale uchache wa nakala unapogeuzwa kuwa kipimo cha ubora. Santuri ya Patton ni nzuri kwa sababu ya jinsi anavyolipiga kofi tumbo la gitaa na kubishana na nafsi yake kwa sauti mbili, wala haikuhitaji kupotea ili iwe nzuri.

Biashara hiyo ya kuwatafutia watu santuri za lugha yao na ladha yao ili wanunue mashine haikuwa ya Marekani peke yake. Mwaka 1928, Leroy Carr alipokuwa akirekodi Indianapolis na Mississippi John Hurt akirekodi Memphis na New York, Siti binti Saad alisafirishwa kutoka Unguja hadi Bombay kwa kazi hiyohiyo. Na santuri zilikwenda pia mahali ambapo aliyeimba hakupawaza kabisa. Jimmie Rodgers, Mzungu wa Meridian, Mississippi, aliyefanya kazi kwenye reli, alijipatia jina kwa bluzi alizozichanganya na ile sauti ya kuruka koo. Mwaka 1930 alirekodi Blue Yodel No. 9, na anayepuliza nyuma yake ni Louis Armstrong, bila jina lake kuandikwa kwenye lebo. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zikafika kwa Wakipsigis wa Kenya, wakalitamka jina lake Chemirocha, na wakamwona ni kiumbe nusu mtu nusu swala. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita huko na mitambo yake ya kurekodia mwaka 1950, wasichana wa Kapkatet walimwimbia wimbo wa kumsifu huyo Chemirocha, kinubi kikipigwa chini yao. Mfanyakazi wa reli aliyekuwa akiwaimbia Wazungu maskini wa Kusini! Sijui albamu ngapi za kumuenzi Rodgers zimetolewa tangu hapo. Hakuna inayoufikia wimbo huo wa dakika moja na nusu hivi.

Tuhamie mjini. Agosti 1941 Alan Lomax alimrekodi Muddy Waters shambani Stovall, Mississippi, kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Miaka miwili baadaye Muddy alikuwa Chicago, na mwaka 1948 ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess, wakatoa I Can't Be Satisfied. Nakala za kwanza ziliisha madukani haraka kuliko walivyotarajia. Waliozinunua ni watu waliopanda treni ileile aliyopanda Muddy, waliotaka sauti ya nyumbani lakini yenye umeme, kwa sababu baa za upande wa kusini wa Chicago zilikuwa na kelele na gitaa tupu halisikiki. Miaka ya hamsini yote Muddy aliwaimbia watu hao, na nyimbo zake za wakati huo sioni pa kuzikosoa.

Kisha wasikilizaji wakabadilika, na albamu zake zikawa zinaonyesha mabadiliko hayo moja baada ya nyingine. Vijana wa vyuo walitaka bluzi isiyo na umeme, Chess wakatoa Folk Singer mwaka 1964. Mpiga gitaa Buddy Guy amesimulia kwamba wakubwa wa kampuni walitegemea Muddy aje na mzee fulani kutoka Mississippi. Muddy akaingia na Buddy, kijana wa miaka 27. Albamu ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye dhana potofu kuhusu Muddy, na bado ni nzuri. Sauti yake inajaa chumba, besi ya Willie Dixon inatembea polepole, na Buddy Guy ana adabu ambayo hakuwa nayo tena baadaye. Wanaopenda mitambo ya bei ghali huitumia kupimia spika zao. Ni matumizi halali, ila mara nyingi wanaipiga kwa sauti ya chini mno.

Electric Mud ya 1968 ndiyo ambayo watu huitukana. Wakati huu walengwa ni vijana wa roki, magitaa yanapiga kelele na kuyumba kila upande, Muddy mwenyewe hakuipenda. Mimi naona imeonewa kidogo. Wapigaji hawakuwa wababaishaji. Pete Cosey angempigia Miles Davis miaka michache baadaye. Kasoro yake ni nyingine: hakuna anayemngoja mwimbaji. Muddy alikuwa bingwa wa kuchelewa, anauacha mdundo upite ndipo anaangusha neno, na bendi iliyomzoea ilijua kumwachia nafasi. Hapa anachelewa na gitaa linakuwa limeshajaa mahali pake. Ukitaka kusikia dawa yake, weka Hard Again ya 1977, ambapo mpiga gitaa Johnny Winter aliwaweka wote chumba kimoja, James Cotton kwenye hamonika, na wakapiga wakiangaliana. Winter anasikika akipiga kelele za furaha nyuma. Zinaudhi kidogo, ila zimetoka kwa mtu anayesikiliza.

Kwa upande wa jukwaani, Live at the Regal ya B.B. King ndiyo ambayo ningempa mgeni kwanza. Ilirekodiwa tarehe 21 Novemba 1964, Chicago, katika ukumbi ambao wateja wake walikuwa watu weusi waliolipa kiingilio kumwona mtu wao. Upande wa kwanza wa albamu ni kama hotuba moja isiyokatika. Wimbo mmoja ukielekea kwisha, bendi haiachi. Inashuka chini, B.B. anazungumza na akina mama, anawaambia anarudi nyuma kidogo kwenye nyimbo za zamani, na kabla hujajua yuko ndani ya wimbo mwingine. Kwenye How Blue Can You Get sikiliza kile kisa cha mume anayeorodhesha zawadi alizompa mke asiyeshukuru. Bendi inakata baada ya kila zawadi. Katika ukimya huo ukumbi unaanza kucheka mapema, maana wanalijua linalokuja, na mstari wa mwisho, ule unaohusu watoto, unapoangushwa, kelele zinazopanda zinafunika muziki. Ingekuwa taarab, wangekuwa wanasimama kumtunza. Bila wale watu wimbo ule ni nusu; B.B. aliurekodi studio pia, na unaweza kulinganisha mwenyewe.

Live in Cook County Jail, iliyorekodiwa gerezani Septemba 1970, inaanza kwa kutambulishwa wakubwa waliohudhuria. Likitajwa jina la mkuu wa polisi wa wilaya wafungwa wanazomea. Likitajwa la jaji, wanazomea zaidi. Hawakukata kipande hicho, heri yao. Halafu B.B. anaingia kwa kasi isiyo ya kawaida, kama mtu aliyeona kwamba hadhira hii haihitaji kubembelezwa. Miaka minne baadaye alikuwa Kinshasa, Septemba 1974, kwenye lile tamasha lililopangwa liendane na pambano la ndondi la Ali na Foreman, jukwaa moja na kina James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Pambano lilisogezwa mbele hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika usoni mazoezini, muziki ukaendelea. Katika filamu za tamasha hilo utamwona B.B. akizungumza machache na kuliachia gitaa muda mrefu zaidi, maana zile hadithi za Kiingereza zilizouangusha ukumbi wa Regal zisingefika kwa wengi kule. Alipima akaona. Ndiyo kazi.

Hoodoo Man Blues ya mpiga hamonika Junior Wells, 1965, haina hadhira yoyote, lakini inasikika kana kwamba ipo. Bob Koester wa Delmark, kampuni ndogo ya mwenye duka la santuri, aliwaambia wapige kama wanavyopiga baa, wasihangaike na urefu wa nyimbo. Amplifaya ya Buddy Guy ikaharibika katikati ya kazi, fundi akalipitisha gitaa kwenye spika inayozunguka ya ogani, ndiyo maana katika baadhi ya nyimbo sauti yake inatetemeka kama iko chini ya maji. Kwa sababu za mikataba Buddy hakuandikwa jina kwenye matoleo ya kwanza. Aliitwa Friendly Chap. Junior anaimba nusu ya maneno, nusu nyingine anakohoa, analamba midomo, anapiga ulimi, anamtania mtu ambaye hatumwoni. Bendi ni ya watu wanne na pana hewa kati yao. Katika albamu zote za studio nilizozitaja, hii ndiyo naipiga zaidi.

Imebaki Howlin' Wolf. Albamu yake ya 1962, yenye picha ya kiti cha kubembea na gitaa kwenye jalada, ni mkusanyo wa santuri ndogo zilizokwisha kutoka, na nyimbo nyingi zimeandikwa na Willie Dixon. Nayo naiona bora kuliko albamu nyingi zilizopangwa kwa miezi. Wolf alikuwa jitu la futi sita na zaidi, sauti yake ina changarawe, na pembeni yake yuko Hubert Sumlin, mpiga gitaa mwenye haya, ambaye anaingiza vifungu vyake pembeni mwa sauti ile, kamwe si juu yake.

Mei 1970 Chess walimpeleka London arekodi na nyota wa Kiingereza: Eric Clapton, Steve Winwood, Bill Wyman na Charlie Watts. Wolf alikuwa mgonjwa. Clapton alishikilia kwamba Sumlin lazima aje naye, na ni jambo la kumshukuru. Sehemu kubwa ya The London Howlin' Wolf Sessions ni muziki wa adabu, watu wanaomheshimu mzee mpaka wanaogopa kumkanyaga. Lakini mwanzoni mwa The Little Red Rooster wameacha mazungumzo ya mazoezi. Wolf anawafundisha wimbo uingie wapi na ubadilike wapi, analipiga gitaa mwenyewe kuwaonyesha, hana haraka, anasema kwa ukali kidogo. Clapton anamwomba apige pamoja nao, maana bila yeye hawataweza kuushika. Wolf anakataa kwanza, anawaambia wanaweza, na anarudia kuwaelekeza kwa kuhesabu. Kwa dakika hizo mbili anasema na watu waliomkodolea macho mbele yake na wanaotaka kujua. Kisha wanaupiga wimbo wenyewe, na wimbo wenyewe ni wa kawaida tu.